Ndege Moja, Rangi Tatu

Nimepotea kidogo, najua. Wale mnaoulizia kama nimehama mji, niwatoe wasiwasi: nipo palepale Sinza, chumba kilekile, na gazeti lilelile linanitumikisha kama kawaida. Ila kwa wiki tatu sasa nikitoka kazini sikai kijiweni. Narudi geto, nafunga mlango, nawasha taa ya mezani (kama umeme upo), na kupaka rangi ndege.

Ndiyo, ndege. Ya plastiki. Ina urefu wa sentimita 27 na mabawa ya sentimita 18 na nusu hivi. Rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani, ambaye sasa yuko Uingereza kwa masomo, aliniletea sanduku lake alipokuja likizo. Anajua tangu chuo kwamba mimi ni mgonjwa wa vitu hivi. Wenzangu walikuwa wakibandika ukutani picha za Arsenal, mimi nabandika ndege. Ndani ya sanduku mna vipande zaidi ya mia moja vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu, karatasi ya stika na kijitabu cha maelekezo. Unakata, unasugua kwa msasa, unaunga kwa gundi, unapaka rangi. Kila kitu kimepunguzwa mara 72.

Ndege yenyewe inaitwa Blackburn Buccaneer. Ni ndege ya kivita ya jeshi la majini la Uingereza, iliyotengenezwa kuruka kutoka kwenye manowari na kwenda kuzamisha manowari nyingine. Nilikuwa nimeshaunga mwili na mabawa, bado sijagusa rangi, siku ambayo baba mkubwa alifika kutoka Dodoma. Ana kliniki ya macho hapa Dar, na akija hulala kwangu. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Baada ya shikamoo na marahaba na maji ya kunywa, akaiona pale mezani. Akaiinua taratibu, akaisogeza karibu na miwani.

"Hii ndege ya nani?"

"Ya kwangu, baba mkubwa. Naitengeneza mwenyewe."

"Najua ni yako. Nauliza, ya nani?"

Nikakosa jibu. Plastiki tupu ya kijivu haina bendera. Na kwa ndege hii, ndugu msomaji, lile lilikuwa swali zito kuliko yeye na mimi tulivyodhani. Ukiipaka rangi moja, ni ndege iliyobuniwa kubeba bomu la nyuklia. Ukiipaka ya pili, ni ndege iliyotumwa kumbana Ian Smith. Ukiipaka ya tatu, ni ndege iliyodondosha mabomu juu ya Wanamibia waliokuwa wamepanga mstari asubuhi. Ndege ni hiyohiyo, na kiwanda ni hichohicho.

Tuanze na kiwanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walikuwa na hofu moja kubwa baharini. Muungano wa Kisovieti ulikuwa unaunda manowari kubwa za aina ya Sverdlov, zenye mizinga mingi na mwendo mkali. Uingereza iliyokuwa imechoshwa na vita haikuwa na fedha za kujenga manowari kubwa za kushindana nazo. Wakaamua kwamba jibu ni ndege: ipae kutoka kwenye meli, ishuke chini kabisa karibu na mawimbi ambako rada ya adui haioni vizuri, ifike kwa kasi, itupe bomu, igeuke. Kazi hiyo ikapewa kampuni ya Blackburn ya pale Brough, Yorkshire. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 30 Aprili 1958, na mwaka 1962 ikaanza kazi rasmi katika jeshi la majini.

Ukiwa unaiunga kwa mkono ndipo unapoelewa akili iliyotumika. Kuruka chini kwa kasi kunataka mabawa mafupi na imara. Kutua kwenye meli kunataka mwendo wa polepole, na mabawa mafupi hayapendi mwendo wa polepole. Wahandisi wakachukua hewa yenye shinikizo kutoka kwenye injini na kuipuliza juu ya mabawa kupitia matundu membamba, ili ndege isianguke hata ikipunguza mwendo. Mkia umepasuliwa mara mbili: vipande vyake hufunguka pembeni kama mdomo wa mamba, navyo ndivyo breki ya hewani. Mlango wa tumbo la mabomu haufunguki kama milango tuliyoizoea. Unajizungusha. Mabomu yamefungwa upande wa ndani wa mlango, mlango ukipinduka yanatokea nje. Mabawa yanakunjwa, pua inakunjwa, yote hayo ili ndege iingie kwenye lifti ya meli.

Nilimweleza baba mkubwa habari hizi huku nikimwonyesha vipande. Akasikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi anayejua jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Sasa rangi.

Rangi ya kwanza ya Buccaneer ilikuwa nyeupe. Nyeupe yote, kuanzia puani mpaka mkiani, na hata alama za taifa, zile duara za bluu, nyeupe na nyekundu, zilipakwa kwa rangi zilizofifishwa, waridi na bluu ya mbali. Nilipoona picha kwa mara ya kwanza nilidhani ni urembo. Sivyo. Ndege hii ilikusudiwa kubeba bomu la nyuklia. Rubani angekuja chini, angeinua pua ghafla na kulirusha bomu mbele kama mtu anavyorusha jiwe kwa kombeo, kisha angegeuka na kukimbia. Nyuma yake kungetokea mwanga na joto la kuunguza. Rangi nyeupe hurudisha joto, rangi nzito hulinyonya. Wakafifisha hadi alama za taifa ili zisije zikaunguza bati.

Kwa mpaka rangi, nyeupe ni adhabu. Haisamehi. Vumbi moja la Sinza likitua kabla haijakauka, linaonekana hadi upande wa pili wa chumba. Nilijaribu kwenye kijiko cha plastiki, nikakata tamaa. Halafu, kwa ukweli, sikutaka kukaa na kitu mezani ambacho weupe wake maana yake ni hiyo.

Rangi ya pili ni kijivu cha bahari kilichokolea, karibu na wingu la masika linapotoka upande wa Kigamboni. Kadiri miaka ilivyokwenda, kazi ya nyuklia ikawa si pekee, na ndege ikatakiwa kujificha isionekane kutoka juu baharini. Wakaipaka kijivu juu na kuacha nyeupe chini, baadaye wakaipaka kijivu yote. Hii ndiyo rangi ambayo wengi huichagua, na stika zilizokuja kwenye sanduku langu ni za huko.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuitaka. Nilikuwa nimesoma kuhusu Beira.

Kwa wale waliosahau somo la historia: tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Afrika ikataka Uingereza itumie nguvu, maana Rhodesia ilikuwa koloni lake. Harold Wilson akasema hapana, atatumia vikwazo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaweka siku ya mwisho, na tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, ikijua fika kwamba itakosa misaada na mikopo. Miezi michache baadaye Waingereza wakapeleka manowari kwenye Mlango wa Msumbiji kuzuia meli za mafuta zisishushe mzigo Beira, ambako bomba lilikuwa likipeleka mafuta Rhodesia. Tarehe 9 Aprili 1966 Baraza la Usalama likawapa ruhusa ya kutumia nguvu. Mojawapo ya meli hizo ilikuwa HMS Eagle, meli ya kubebea ndege, na juu yake kulikuwa na Buccaneer.

Nikajisemea, hapa pana ndege yangu: Buccaneer ya kijivu, pwani ya Afrika Mashariki, mwaka 1966, upande wa haki. Nitaipaka hivyo, nitamwonyesha baba mkubwa, mambo yataisha.

Plastiki ikanikatalia.

Buccaneer za Eagle zilikuwa za toleo la kwanza, S.1. Injini zake zilikuwa dhaifu kiasi kwamba ndege haikuweza kupaa kutoka melini ikiwa imejaa mafuta na silaha kwa pamoja. Ilipaa na mafuta kidogo, kisha ndege nyingine iitwayo Scimitar ikaisubiri angani kuijaza. Injini hizo ndogo zilikuwa na midomo midogo ya duara ya kuingizia hewa. Sanduku langu ni la toleo la pili, S.2, lenye injini za Rolls-Royce Spey, zenye nguvu zaidi na zinazovuta hewa nyingi, na midomo yake ni mikubwa kama yai lililolala. Tofauti hiyo inaonekana hata kwa mtoto. Ukitaka kuwa mkweli huwezi kuchukua S.2, ukaipaka kijivu na kusema hii ilikuwa Beira mwaka 1966. Ungekuwa unadanganya kwa milimita nane za plastiki. Mhariri wangu hatagundua. Mimi nimeshagundua.

Na hata ningezikata zile pua na kuchonga nyingine, historia yenyewe isingekuwa safi kama nilivyotaka. Mafuta hayakufika Beira, ni kweli. Yalifika Rhodesia kwa njia nyingine, kupitia Lourenço Marques na Afrika Kusini. Meli za Uingereza ziliendelea kulinda mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitatu hadi Msumbiji ilipojitawala mwaka 1975.

Hapo ndipo nilipofungua ukurasa wa Buccaneer ya tatu.

Mwaka 1955 Uingereza na Afrika Kusini zilisaini mkataba wa Simonstown. Waingereza wangeendelea kutumia bandari ile ya Rasi, na Afrika Kusini ingenunua silaha za kulinda njia ya bahari. Kwa mgongo wa mkataba huo, serikali ya Macmillan iliruhusu Pretoria iagize Buccaneer 16. Zilipewa jina lake, S.50. Afrika Kusini haikuwa na meli ya kubebea ndege hata moja, lakini maelezo yalikuwa kwamba ndege hizi ni za kuangalia bahari. Agosti 1963 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaziomba nchi zote ziache kuiuzia Afrika Kusini silaha. Oktoba 1964 chama cha Labour kikashinda uchaguzi. Novemba Wilson akatangaza kusitisha mauzo ya silaha, na mwezi huohuo akasema zile Buccaneer 16 ni mkataba uliokwisha sainiwa, zitapelekwa. Pretoria ilipotaka nyongeza, akakataa.

Zikaanza kuruka kwenda kusini mwaka 1965, moja ikapotea Atlantiki njiani. Hebu weka tarehe hizi sambamba. Mwisho wa 1965 ndege zinapelekwa Pretoria. Machi 1966 dada zake zinaruka juu ya maji ya Msumbiji kumbana Smith, ambaye mafuta yake yanapitia kwa huyohuyo wa Pretoria. Zimezaliwa Brough, zote. Sijui mnaita nini jambo hilo. Kwetu tunasema kuuma na kupuliza.

S.50 ilitokana na S.2, yaani yangu. Midomo ya hewa ni ileile. Tofauti ni chache: chini ya mwili, nyuma, iliongezwa milango ya roketi mbili ndogo za kusukuma wakati wa kupaa, kwa sababu viwanja vya Afrika Kusini viko juu na vina joto, na hewa nyepesi hainyanyui ndege nzito. Rangi ni kijivu cha bahari kwa juu na bluu kwa chini. Alama ya taifa ni ngome ya pembe tano na ndani yake swala. Sanduku langu, bila mimi kutaka, lilikuwa karibu zaidi na Pretoria kuliko Beira.

Niseme pia kwamba ndege zile zilifanya kazi ya baharini kweli. Mwaka 1971 meli ya mafuta Wafra iliharibika karibu na Rasi ya Agulhas, na Buccaneer zikatumwa kuipiga makombora ili ikazame mbali na pwani. Waingereza nao walifanya hivyohivyo kwao mwaka 1967, meli ya Torrey Canyon ilipokwama ikimwaga mafuta. Mtu angeweza kusema: mnaona? Ni za kulinda bahari.

Hoja hiyo ndiyo Edward Heath aliyoitumia alipoingia madarakani mwaka 1970 na kutaka kurudisha biashara ya silaha na Afrika Kusini. Silaha za baharini, alisema, haziwezi kumkandamiza Mwafrika. Mwalimu Nyerere alikwenda kumwona Uingereza mwaka huohuo, na Januari 1971 suala hilo likatikisa mkutano wa Jumuiya ya Madola kule Singapore. Kaunda alikuwepo. Obote alikuwepo, na akiwa hukohuko Amin akampindua. Hoja ya upande wetu ilikuwa nyepesi kuieleza: silaha haijui iliuzwa kwa sababu gani. Mwishowe kilichouzwa kilikuwa helikopta chache tu za Wasp. Lakini Buccaneer zilikuwa zimeshafika miaka mitano nyuma.

Jibu la mjadala ule lilikuja tarehe 4 Mei 1978.

Cassinga ni mji mdogo wa migodi kusini mwa Angola, kilomita 250 na zaidi kutoka mpaka wa Namibia. Ulikuwa mikononi mwa SWAPO. Kulikuwa na wapiganaji, na kulikuwa na wakimbizi wengi, wanawake na watoto, waliotoroka Namibia iliyokuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini. Saa mbili asubuhi hivi watu wakiwa wamekusanyika kwenye gwaride la asubuhi, ndege zikatokea. Kwanza Canberra, zikimwaga mabomu madogo ya kuua watu. Kisha Buccaneer, zenye mabomu makubwa ya ratili elfu moja kila moja. Baadaye wakashuka askari wa miamvuli. Mchana, msafara wa Wakuba uliotoka Tchamutete kuja kusaidia ulishambuliwa njiani, na Buccaneer zilikuwepo hapo pia.

Waliokufa walizidi 600. Pretoria ilisema ni kambi ya kijeshi. SWAPO ilisema ni kambi ya wakimbizi, na picha za makaburi ya pamoja zikaenda dunia nzima. Tarehe 6 Mei Baraza la Usalama likalaani shambulio hilo. Wanahistoria wanaendelea kubishana kuhusu wangapi walikuwa na bunduki. Hakuna anayebisha kwamba Cassinga hakuna bahari.

Nilimsimulia baba mkubwa yote hayo jioni ile, umeme ukiwa umekatika, ndege ikiwa mezani kati yetu na mshumaa. Alikaa kimya muda. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika familia yetu.

Katikati ya miaka ya sitini alikuwa anasoma shule ya msingi Kongwa. Pale palipokuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ule uliokufa, serikali iliwapa wapigania uhuru eneo la kambi. Walikuwepo wa FRELIMO, wa ANC ya Afrika Kusini, na wa SWAPO. Watoto walikatazwa kwenda karibu, kwa hiyo, bila shaka, walikwenda. "Wale wa Namibia," alisema, "walikuwa wanatuita tucheze mpira. Kiswahili chao kilikuwa cha kuchekesha. Mmoja alikuwa ananiuliza majina ya vitu. Hiki nini, hiki nini. Nikamfundisha kuhesabu mpaka mia." Akatulia. "Ukiniuliza kama nilikuwa mwalimu lini, nitakwambia hapo."

Baadhi ya vijana waliopita Kongwa ndio waliorudi kwao na kupigana Omugulugwombashe Agosti 1966, vita vya kwanza vya SWAPO dhidi ya vikosi vya Afrika Kusini. Wengine waliendelea Zambia na Angola. Baba mkubwa hajui yule wake aliishia wapi. Mwaka 1978, akiwa mwalimu kijana, alisikia jina la Cassinga redioni, na siku hiyo darasani hakufundisha hesabu. Aliwasimulia wanafunzi habari za Kongwa.

"Sasa utaipaka rangi gani?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli: sikuwa na hamu tena ya kuipaka. Naona kama nitakuwa naremba kisu kilichochinja watu. Bora niipe rangi ya Waingereza niiweke kabatini, au niitupe.

Akatikisa kichwa. "Ukiipaka ya Waingereza utakuwa umewasaidia wote wawili. Yule aliyeuza na yule aliyerusha."

Basi, wapendwa, ndivyo nilivyotumia wiki mbili zilizofuata.

Nilianza na chumba cha rubani. Ndani ni cheusi na kijivu. Viti viwili vya kuchomoka, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kina mishikio yenye mistari ya njano na nyeusi. Mistari hiyo niliichora kwa ncha ya kijiti cha meno, nikishika pumzi. Rubani na mwenzake wa nyuma wana urefu wa nusu kidole. Niliwapaka, halafu nikawaacha nje ya ndege mpaka mwisho.

Kijivu nilikichanganya mwenyewe: nyeusi, nyeupe, na tone la bluu. Nilikwenda na kijiko cha majaribio kwa fundi wa kupiga rangi magari jirani yangu, mtu mwenye jicho la ajabu. Akaniuliza gari gani, nikamwambia ndege. Akacheka, kisha akawa mkali: "Ongeza nyeupe. Kitu kidogo ukikipa rangi halisi kinaonekana cheusi." Na ni kweli. Rangi ya kitu kikubwa ikiwekwa kwenye kitu kidogo huonekana nzito mno. Nikaongeza. Tumbo nikalipaka bluu, mpaka kati ya rangi mbili nikauziba kwa utepe wa karatasi anaoutumia yeye kwenye milango ya daladala. Milango ya roketi niliichonga kwa wembe kwenye plastiki, mistari miwili ambayo asiyejua hataiona.

Ngome na swala niliichora kwa mkono kwenye karatasi ya stika. Ya kwanza ilitoka kama chura. Ya tano ikakubalika. Kisha rangi nyembamba ya kahawia iliyochanganywa na thina nikaipitisha kwenye mistari ya maungio ya mabati, nikafuta, ikabaki ndani ya mifereji kama uchafu wa kazi. Nyuma ya ekzosi nikaweka masizi. Mgongoni nikafifisha kijivu kidogo, kwa sababu ndege hii haikuliwa na chumvi ya bahari kama dada zake. Iliunguzwa na jua la bara.

Usiku wa mwisho niliwaweka marubani wawili ndani na kufunga kioo. Ndipo nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya kwa modeli yoyote. Mtu wa mita 1.70, ukimpunguza mara 72, anakuwa sentimita mbili na milimita nne. Sanduku linakupa wawili, wale wa juu. Wa chini huwapati kwenye sanduku lolote. Watu 600 wa kimo hicho, wakisimama kwenye mstari wa gwaride bega kwa bega, wangejaza meza yangu na kushuka sakafuni.

Sikuwatengeneza. Nisingeweza, na nadhani isingekuwa heshima. Lakini nilikata kipande cha mbao, nikakipiga msasa, nikakipaka rangi ya udongo mwekundu bila kuweka kitu juu yake, na ndege nikaisimamisha pembeni, si katikati. Baba mkubwa alikuwa amesharudi Dodoma. Nilimtumia picha kwenye simu. Akanijibu kwa ujumbe wa maandishi, kwa herufi kubwa kama kawaida yake: HAINA JINA. ANDIKA YA NANI.

Nimeandika. Kibandiko kipo mbele ya kibao, kwa wino mweusi, na kinasomeka hivi:

Blackburn Buccaneer S.50. Ilitengenezwa Brough, Uingereza. Iliuzwa kwa Afrika Kusini kulinda bahari. Cassinga, Angola, 4 Mei 1978.

Namibia hupumzika kila tarehe 4 Mei, ni sikukuu ya taifa. Buccaneer za Afrika Kusini zilistaafu mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Namibia kupata uhuru wake. Yangu haiendi kabatini. Ipo juu ya rafu karibu na mlango, mahali ambapo mgeni akiingia lazima aione, na akiiona lazima aulize.